Njia ya baiskeli ndani ya Mau: mnapanda miti ama mnacheza?

Nilizaliwa Kisauni, lakini kwa miaka sita sasa kazi imeniweka Konoin, kaunti ya Bomet, pale ambapo mashamba ya chai yanakoma na msitu wa Mau Kusini Magharibi unaanza. Nafundisha shule ya upili. Kila nikishuka Mombasa likizo ya Desemba huulizwa maswali mawili. La kwanza ni kuhusu baridi. La pili lilianza baada ya jamaa kuona picha yangu nikiwa nimeshika jembe, baiskeli imeegemea mti nyuma yangu: "Mwalimu, nyinyi huko mnapanda miti ama mnacheza baiskeli?"

Nimelijibu kwa mzaha mara nyingi. Leo nalijibu sawasawa. Tunafanya yote mawili, na bila hilo la pili, la kwanza lingekuwa limekufa zamani. Halafu kuna jambo la tatu ambalo nusura lituharibie yote, nalo si la miti wala la baiskeli. Nitafika huko.

Kwanza mahali penyewe. Ukisimama juu ya kilima asubuhi, ukungu ukiwa umeinuka, unaona kijani cha aina mbili. Kuna kijani kilichonyooka kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Hicho ni chai. Nyuma yake kuna kijani cheusi kisicho sawa, vichwa vya juu na vya chini; huo ndio msitu. Kati yake, sehemu nyingi, umepita mkanda wa chai ya serikali unaoitwa Nyayo Tea Zones, ulioanzishwa mwaka 1986 ili uwe kama ukuta: watu wachume chai hapo, wasisogee ndani zaidi. Ukuta wa majani ni ukuta mfupi. Jopo la serikali lililoichunguza Mau na kutoa ripoti yake mwaka 2009 lilisema kwamba katika miongo miwili hivi msitu huo mzima, wenye hekta zaidi ya 400,000, ulikuwa umepoteza takriban robo yake. Mwaka 2001 pekee, upande huu wetu wa Kusini Magharibi ulimegwa karibu hekta 23,000 kwa amri ya serikali yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia msitu uliliwa na maskini wenye mapanga, mwambie na mihuri ilikuwepo.

Kwa nini mtu wa Kisauni ajali? Kwa sababu ileile inayomfanya ajali Chyulu. Maji ya Mzima yanayofika mabomba ya Mombasa ni mvua iliyonyesha juu ya vilima ambavyo wengi wetu hatujavikanyaga. Huku nako Mau inalisha mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu kabla ya kuingia ziwa Viktoria. Inalisha pia Nyangores, unaopita mjini Bomet, ukakutana na Amala na kuwa mto Mara, ule ambao watalii hulipa pesa nyingi kuona nyumbu wakiuvuka. Na chai yenyewe inautegemea msitu. Chai inataka hewa yenye unyevu na mvua iliyotawanyika mwaka mzima. Upepo unaotoka ziwani hubeba unyevu, hukutana na nyanda za juu za Mau, na alasiri mvua inashuka, mara nyingine pamoja na mawe. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Nimeona shamba la chai lililochunwa majani yote kwa dakika kumi, na mwenye shamba amekaa barazani ameshika kichwa.

Sasa tuje kwenye miti. Kupanda mti ni kazi rahisi, na ndiyo sababu kila mtu anaipenda. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya kitaifa ili Wakenya wote watoke wakapande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nilitoka na wanafunzi wangu, tukapanda, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani tumefurahi. Sisemi ilikuwa vibaya. Ninachosema ni kwamba mche wa msituni haufi siku ya kupandwa. Unakufa mwezi wa tatu, nyasi zikiufunika usipate jua. Unakufa mwezi wa nane, ng'ombe akiutafuna kidogo tu pale juu. Unakufa mwaka wa pili, kiangazi kikija na mizizi haijashuka. Mche wa kiasili unataka mtu apite aupalilie, autazame na arudi tena, kwa miaka mitatu hivi. Siku ya kupanda hupata watu mia. Siku ya kupalilia hupata watu wanne, na mmoja wao amekuja kwa sababu alidhani kutakuwa na chai na mandazi.

Kuna na suala la mti gani. Ukitaka mlima uwe kijani haraka utapanda mkaratusi, na miaka mitano baadaye utakuwa na nguzo za kuuza na kijito kilichopungua. Msitu wa asili hauanzi kwa miti mikubwa. Unaanza kwa ile migumu isiyojali jua kali wala udongo uliochoka. Wakipsigis wanaijua kwa majina: tebeswet, silibwet. Hata ule mji mdogo wa Silibwet karibu na Bomet una jina la mti huo. Hiyo ikishatoa kivuli ndipo unaweka chini yake podo, mwiria na ile inayotaka ubaridi. Sisi watu wa Kisauni tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Mashimo ya Bamburi yalikuwa jiwe tupu lililochimbwa kwa ajili ya saruji. Tangu mwaka 1971, Mswisi Rene Haller alijaribu miti ya aina nyingi, michache ikashika, na mvinje ndio ulioongoza. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza, hata walipoletwa majongoo kuyala na kuyageuza udongo. Juu ya kinyesi cha jongoo kukaota msitu. Nikiwa mtoto niliendesha baiskeli ya kukodi kwenye zile njia za msitu kando ya barabara ya Malindi, na sikuwa najua kwamba ninapita juu ya shimo la mawe.

Nilichojifunza pale bila kujua ndicho nilichokuja kukikumbuka Konoin. Zile njia zinaleta watu, na watu wanaopita kila siku wanakuwa macho. Karura ya Nairobi ni mfano mwingine. Miaka ya tisini ilikuwa mahali pa kuogopwa, majambazi ndani na wanyakuzi wa ardhi nje. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakienda kupanda miti kupinga unyakuzi. Msitu ulinusurika, lakini kunusurika tu hakukutosha. Uliponywa baadaye, baada ya mwaka 2009, jamii na Huduma ya Misitu waliposhirikiana kuweka ua, kuchonga njia za kutembea, za kukimbia na za baiskeli, na kuanza kuondoa mikaratusi kidogo kidogo ili miti ya kiasili irudi. Leo mama anakimbia peke yake alfajiri mahali ambapo zamani wanaume watatu wasingepita.

Basi kikundi chetu kidogo, walimu, wachuma chai, vijana wawili wenye karakana ya baiskeli na wazee kadhaa, tulisema hivi: tupande kwenye ukingo uliochoka wa msitu, na katikati ya miche tuchonge njia nyembamba ya baiskeli na ya miguu. Kila Jumamosi anayeendesha atakuwa amekagua miche bila kuitwa kwenye mkutano. Hilo ndilo wazo zima.

Kuchonga njia ndani ya msitu si kufyeka. Nilidhani ni kufyeka. Adui wa njia si majani, ni maji. Udongo wa huku ni mwekundu, mzito, na ukilowa unateleza kama sabuni. Ukichora njia inayoshuka mlima moja kwa moja, kama vile mtoto angeichora, umechimba mtaro. Mvua ya kwanza inapita humo, ya pili inazidisha, na msimu ukiisha una korongo la kufika magotini na udongo wako umekwenda Sondu. Njia nyingi za miguu unazoziona zimekuwa makorongo zilianza hivyo.

Kwa hiyo njia inauzunguka mlima, haiupandi. Kanuni tunayofuata ni kwamba mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa mlima wenyewe. Mlima ukishuka mita 30 kwa kila mita 100, njia isishuke zaidi ya 15, na kwa wastani tunaiweka kwenye 10. Ikizidi nusu, maji yanaona njia ni rahisi kuliko mlima, na yanaifuata. Ikiwa chini ya nusu, maji yanaikata njia na kuendelea na safari yao.

Tunapimaje? Kwa kifaa ambacho mkulima yeyote aliyechimba fanya juu anakijua: fremu ya A. Miti miwili imefungwa kileleni, miguu imeachana mita 2, mti wa tatu umelala katikati, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Ni timazi ya fundi mwashi, basi. Unaisimamisha, unaweka alama pale kamba inapogusa mti wa kati, unaigeuza miguu, unaweka alama ya pili, na katikati ya alama mbili ndipo usawa wako. Ukitaka mwinamo wa 10 kwa 100, unaweka kibao cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja na kuusoma usawa ukiwa hivyo. Unapiga kigingi, unasogea, unapiga kingine. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili ambao darasani hawataki kusikia habari ya pembetatu waliifanya kazi hii siku nzima na wakabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu sentimita mbili.

Baada ya vigingi, jembe na sururu. Unakata ndani ya mlima mpaka njia yote, upana wa mpini wa jembe hivi, ikae juu ya udongo mgumu wa zamani. Kosa la kila anayeanza ni kukata nusu tu na kuijaza nusu ya nje kwa udongo alioutoa. Inaonekana nzuri kwa wiki mbili, kisha ukingo wa nje unabomoka na mpanda baiskeli naye. Hapa ni kinyume cha fanya juu: kule unatupa udongo juu ili uzuie maji, huku unautawanya chini mbali, usibaki tuta, kwa sababu unataka maji yaondoke. Uso wa njia unalala kidogo kuelekea bondeni, vidole vitatu kwa kila mita. Na kila hatua kumi na tano au ishirini njia inayoshuka lazima iinuke kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Anayeendesha anaona ni burudani, tumbo linapanda na kushuka. Kumbe kile kibonde ndipo maji yanapotokea.

Hatukati mti mkubwa. Njia inapinda. Mizizi ikikatwa inakatwa kwa msumeno, si kwa jembe, maana mzizi uliochanwa huoza. Palipo na chemchemi tunaenda mbali kabisa, hata kama ni lazima kuongeza mita mia za kuchimba.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lile jambo la tatu.

Mwaka wetu wa kwanza tulipima mita mia nne hivi, tukapiga vigingi, tukafunga kamba nyekundu ili mstari uonekane, na tukapanda miche kwa safu pande zote mbili. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu nilipopita nikienda kazini, kamba hakuna. Vigingi vimeng'olewa na kurundikwa vizuri mahali pamoja, jambo lililonikera zaidi, maana upepo haurundiki. Wiki iliyofuata ng'ombe walipitishwa juu ya miche. Si walipotea wakapita. Walipitishwa.

Nilikasirika. Nilisema maneno kuhusu watu wasiojua thamani ya msitu ambayo nashukuru hayakuandikwa popote. Mwenzangu mmoja alitaka twende polisi. Mzee wa kijiji akasema twende kwanza kwenye baraza la chifu, tukaenda, na pale akasimama bibi mmoja ambaye sote tunamwita kogo, yaani nyanya. Alizungumza Kikipsigis, kisha akanigeukia kwa Kiswahili ili nisikie bila mkalimani.

"Wewe Mswahili," alisema, "nakuheshimu, unafundisha wajukuu wangu. Lakini nikuulize. Ulishawahi kuona mtu akija na vigingi na kamba, halafu ardhi ikabaki na mwenyewe?"

Baraza lilinyamaza. Nilitafuta jibu. Sikuwa nalo.

Tazama alikokuwa anatoka. Babu zake waliondolewa kwenye ardhi ambayo leo ni mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na waliokuja mbele walikuwa wapimaji. Watu wa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, walichukuliwa mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, mbali kando ya ziwa. Mwaka 2001 vigingi vilirudi kugawa msitu. Baadaye tena vikaja vya kuonyesha mpaka mpya, na mwaka 2018 na 2019 maelfu ya watu wakaondolewa Mau upande wa Narok, wengi wao wakiwa na karatasi mikononi. Waogiek, ambao msitu huu ni nyumba yao kabla ya sisi wote, ilibidi waende hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha, na hukumu ya Mei 2017 ikawapa haki, tena hukumu ya fidia ikaja Juni 2022. Kushinda kesi ni jambo moja, kurudishiwa msitu ni jingine. Katikati ya historia hiyo akatokea mwalimu kutoka Mombasa na kamba nyekundu, akisema anachora njia ya kuchezea baiskeli.

Msomaji wa Kilifi au Kwale haitaji kuelezwa zaidi. Sisi wenyewe tunajua maana ya kuamka ukakuta jiwe la mpaka kwenye mnazi wa babu.

Kogo akaendelea. Mahali tulipopanda ndipo ng'ombe wanapopita kwenda kwenye maji na kwenye udongo wa chumvi wanaoulamba. Hakutuuliza mtu. Kama tungeuliza angetuonyesha, kwa sababu yeye pia anataka msitu. Dawa zake zinatoka humo, na ameona magome ya mwiria yakichunwa na wageni mpaka mti unakauka umesimama. Wafugaji hawakuwa wamekataa miti. Walikataa mstari.

Tuliomba radhi. Kisha tulifanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo: tuliiacha fremu ya A chini ya mti na tukatembea nyuma ya ng'ombe. Siku tatu. Ukitaka somo la mwinamo, mfuate ng'ombe aliyeshiba akirudi nyumbani. Hapandi moja kwa moja. Anakwenda kwa upande, anageuka, anakwenda kwa upande. Vijia vyao mlimani vilikuwa karibu kabisa na mstari ambao fremu ilitupa, isipokuwa palipokuwa na maji, ambapo wote hushuka kwa mkupuo na kuchimba korongo. Tukakubaliana hivi: njia ya mifugo ya kwenda majini ibaki yao, na sisi tusaidie kuiimarisha kwa mawe pale inapobomoka. Njia ya baiskeli ikae juu zaidi na ivuke yao mahali pawili tu. Miche isipandwe kwa safu kama mahindi, bali kwa vichaka vidogo vilivyozungushiwa matawi ya miiba, na kipande kimoja kipumzike miaka mitatu bila kulishwa, wenye mifugo wakikata nyasi humo kwa mundu na kubeba. Mstari wa pili haukufungwa kamba. Ulipigwa vigingi na wajukuu wa kogo.

Sheria inaruhusu haya, na ni vyema ijulikane, maana wengi hudhani msitu wa serikali ni wa serikali peke yake. Sheria ya misitu ya 2005, na iliyoifuata ya 2016, inaipa jamii inayopakana na msitu nafasi ya kuunda chama na kutia saini mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya. Ndani ya mkataba huo mnaweza kupata haki ya asali, dawa, kuni, kukata nyasi, kulisha mifugo, na pia utalii na burudani. Burudani na malisho yameorodheshwa pamoja. Aliyeandika sheria hakuona kwamba baiskeli ni ya waungwana na ng'ombe ni wa wavamizi. Hilo tuliliongeza sisi. Bila mkataba na bila kibali, usichimbe hata hatua moja, kwa nia nzuri kiasi gani.

Je, inafanya kazi? Miche ya safu za kwanza, zaidi ya nusu ilikufa. Ile ya vichakani tunaipoteza pia, lakini tunajua imekufa lini na kwa nini, kwa sababu kila Jumamosi kuna mtu amepita. Nimeng'oa mitego ya waya mara mbili. Moshi wa tanuri la makaa tuliuona sisi kabla ya askari wa misitu, na tuliwapigia simu. Hatukwenda wenyewe, baiskeli si silaha. Vijana wa karakana wamepata wateja. Waliokuwa wakichunga ng'ombe sasa wanaijua njia kuliko mimi, na wanashuka kwa kasi ambayo mama zao hawaijui na sitawaambia.

Kuna hasara yake. Njia inayompitisha mpanda baiskeli inampitisha pia mwenye magunia ya makaa. Bodaboda moja iliyobebeshwa gunia ilipita usiku na kufanya uharibifu ambao baiskeli isingefanya kwa mwaka. Ndipo tukajifunza kuweka mlango wa miti mitatu iliyokwenda zigizaga pale njia inapoingilia msituni. Baiskeli unaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, unazunguka nayo, unapita. Pikipiki yenye mzigo haipiti. Ng'ombe naye haingii, na hilo tuliliomba ruhusa kwanza.

Watu wa Arabuko-Sokoke wenye baiskeli huniuliza kama wanaweza kufanya vivyo hivyo. Udongo wenu ni mchanga na nchi yenu ni tambarare, kwa hiyo hesabu ya mwinamo haitawasumbua. Kazi yenu ni kuzuia njia isipanuke, maana kwenye mchanga kila mtu hukwepa pale palipolegea na baada ya mwaka njia moja imekuwa tano. Msikaribie njia za kaya hata kidogo. Zile zina wenyewe na zina adabu zake, na zilikuwepo kabla ya baiskeli kuvumbuliwa. Anzeni kwa wanaookota kuni. Wao wanajua pa kupita.

Kwa sasa njia yetu imefungwa. Mvua ndefu zimeanza, na kanuni ni rahisi: ukikanyaga na kisigino kikazama kifundo cha kidole, rudi nyumbani. Itafunguliwa Juni, kogo akisema ng'ombe wameacha kuteleza.